Je, Mauti Yana Badali?

Alasiri moja, baada ya sala, nilikuwa nimeketi barazani pamoja na wazee watatu wa mtaa wetu, akaja kijana mmoja aliyefiwa na baba yake, mkononi ana bahasha ya fedha, akataka shauri ni nani wa kuaminiwa amwendee marehemu hija ya badali. Maana babaye alikuwa na uwezo wa mali, lakini aliiahirisha safari mwaka baada ya mwaka, hata maradhi yakamlaza na mauti yakamchukua. Mzee aliyetupita sote kwa elimu hakuinyoshea bahasha ile mkono. Alimwuliza kijana kwanza: "Huyo utakayempata, amekwisha kuhiji kwa nafsi yake? Na fedha hizi, mwanangu, ni za halali, hazina haki ya mtu ndani yake?" Kijana alipojibu, mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Fahamu ya kuwa laiti baba yako angalikuwa hai na mzima wa viungo, fedha zako zote zisingalimfaa kitu. Mzima hahijiwi."

Masharti yale matatu, yaani mwenye kuwakilishwa awe hawezi, badali awe amekwisha kutimiza lililo lake, na mali iwe safi, yalinirudia moyoni siku nyingi baadaye, nilipokuwa nikisoma habari za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hata 1865. Kwa kuwa katika vita vile serikali mbili zilizopigana, ya Kaskazini na ya Kusini, zote mbili zilimruhusu mtu mwenye afya yake, aliyeitwa vitani kwa sharia, atoe fedha na kumweka mwenziwe mahali pake. Ndipo likanijia swali ambalo nataka tulitazame pamoja bila ya haraka. Mtu aweza kulipiwa deni lake na nduguye. Mgonjwa asiyeweza kufunga aweza kulisha maskini ikawa ndiyo fidia ya saumu yake. Maiti aweza kuhijiwa. Je, aweza pia mtu kumlipa mwenziwe amfie? Mauti yana badali?

Mwanzoni mwa vita vile hapakuwa na haja ya kumlazimisha mtu wala ya kuchagua askari kwa kura. Rais Abraham Lincoln wa Kaskazini alipotaka watu 75,000 wa kujitolea, mwezi wa Aprili 1861, vijana walimiminika kama waendao arusini. Na imesimuliwa kwamba baadhi ya wale ambao umri wao haujatimia waliandika tarakimu 18 katika kipande cha karatasi, wakakitia ndani ya kiatu na kukikanyaga, ili wakiulizwa wapate kuapa kuwa wako juu ya kumi na nane, wala wasiseme uongo mbele ya Mungu. Walakini vita havikuwa arusi. Huko Shiloh, Aprili 1862, siku mbili zilitosha kuwaangusha watu zaidi ya 23,000 wa pande zote mbili, waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea. Na habari zake zilipoenea mijini na mashambani, hamu ya kujiandika ikapoa. Kusini ndio waliotangulia kutunga sharia ya kuandikisha watu kwa nguvu, tarehe 16 Aprili mwaka ule ule, wakaruhusu badali. Na mwezi wa Oktoba wakaongeza sharia iliyomwacha nyumbani mwanamume mmoja wa Kizungu katika kila shamba lenye watumwa ishirini au zaidi. Mkulima asiye na mtumwa hata mmoja, aliyeyaacha mahindi yake bila ya mvunaji, aliifahamu sharia ile pasipo kufasiriwa: wenye watumwa ndio wenye vita, na wasio nao ndio wenye kufa.

Kaskazini walifuata mwaka 1863, na katika tarehe za sharia zao mna jambo la kuzingatiwa. Tarehe 2 Machi ilitiwa sahihi sharia ya kuwaadhibu walioidanganya serikali katika biashara ya vita; kwa maana wako wafanya biashara waliokuwa wameliuzia jeshi sare za matambara yaliyochambuliwa na kushindiliwa yakaitwa nguo, ambazo mvua ya kwanza ilizifumua mwilini mwa askari. Kila dai la uongo likawekewa faini ya dola 2,000, pamoja na kulipa hasara mara mbili, na aliyefichua akaahidiwa nusu ya kitakachopatikana. Siku ya pili yake, tarehe 3 Machi, ikatiwa sahihi sharia ya kuandikisha wanaume wa miaka 20 hata 45, nayo ikasema kwamba aliyeangukiwa na kura ana milango miwili ya kutokea: ama alete badali, ama alipe dola 300. Siku moja walikataza askari asiuziwe nguo mbovu. Siku iliyofuata waliruhusu roho yake itiwe bei.

Tuipime bei hiyo. Mshahara wa askari wa chini ulikuwa dola 13 kwa mwezi, basi dola 300 zilikuwa mshahara wake wa miezi ishirini na mitatu. Kibarua wa mjini, apataye dola moja hivi kwa siku, na katika hiyo moja mna kodi ya nyumba, mkate na makaa ya baridi, angeweza kufa mzee asizione dola 300 zimekutana mahali pamoja. Siku ya Jumamosi, tarehe 11 Julai 1863, majina yaliandikwa katika vijikaratasi, yakatiwa ndani ya gurudumu la kura mjini New York, likazungushwa, na mkono ukaingia ukatoa jina baada ya jina. Jumapili watu wakayasoma majina yale magazetini. Jumatatu ofisi ya kura ikawaka moto. Fitina ile ilidumu siku nne, ikaua watu zaidi ya mia, na yaliyotendeka ndani yake ni aibu hata kuyasimulia: walioudhiwa na sharia ya matajiri hawakuwafikia matajiri, bali waliwageukia watu weusi, wakawatundika katika nguzo za taa, wakakichoma moto kituo cha mayatima weusi, ambacho watoto wake zaidi ya 200 waliponea mlango wa nyuma. Ghadhabu yao ilikuwa na sababu ya haki, lakini matendo yao hayakuwa na haki hata chembe. Na hii ndiyo hasara ya kwanza ya dhulma, kwamba humfundisha aliyedhulumiwa kutafuta aliye dhaifu kumshinda yeye.

Sasa turejee kwa mzee wetu na masharti yake. Sharti la kuwa mzima hahijiwi lina hekima kubwa ndani yake, kwani uwakilishi katika ibada ni huruma kwa asiyeweza, wala si faraja kwa asiyetaka. Kipofu, kiwete na mgonjwa wana udhuru katika vita tangu zamani, na hakuna mwenye akili awalaumuye. Lakini sharia ya Marekani haikuuliza nani hawezi. Iliuliza nani anazo. Katika watu 207,000 hivi walioangukiwa na kura za Kaskazini wakaonekana wanafaa, 87,000 walilipa dola 300, 74,000 walileta badali, na 46,000 tu ndio waliokwenda kwa miguu yao wenyewe, hawakutimia robo. Wale 161,000 waliobaki hawakuwa viwete wala vipofu. Walikuwa wazima wasiotaka kwenda, na fedha ndiyo iliyokuwa udhuru wao.

Sharti la pili lataka badali awe mtu aliyekwisha kumaliza deni lake, ili asije akalipa la mwenziwe na lake likabaki. Huko Marekani badali alikuwa aghalabu mgeni aliyeshuka merikebuni hajapata uraia, au kijana asiyefika miaka 20, yaani wale ambao kura haikuwa na haki juu yao. Grover Cleveland, aliyekuja kuwa Rais wa nchi ile mara mbili, alimpa mhamiaji mmoja wa Kipolandi dola 150 aende mahali pake. Haifai nimtaje Cleveland pasipo kutaja na udhuru wake: alikuwa na mama mjane na dada zake wa kuwatunza, na ndugu zake wawili walikuwa tayari vitani. Huu ni udhuru mzito, na mimi siwezi kuudharau. Lakini yatupasa tuulize kama mhamiaji yule hakuwa na mama. Kwa kuwa sharia iliyouona mzigo wa mwenye fedha haikuwa na jicho la kuuona mzigo wa asiyekuwa nazo, na udhuru usiosikilizwa ila unapofuatana na noti hauwi udhuru tena, bali huwa ni bidhaa.

Na bidhaa ikishatiwa bei, dalali hakosekani. Hapo ndipo sharti la tatu, la usafi wa mali, lilipovunjika hata likawa vumbi. Ili kupunguza kura, serikali kuu, majimbo na wilaya zilishindana kutoa malipo kwa mwenye kujiandika. Na malipo yale yakapandana, mpaka pengine mtu mmoja akaahidiwa dola elfu na zaidi. Wakazuka madalali wa askari, ambao kazi yao ilikuwa ni kuokota watu: walimlevya baharia bandarini akaamka amevaa sare, walimpokea mgeni asiyejua lugha wakamtia kidole katika hati, walimpaka mzee rangi nyeusi ya nywele wakampeleka kwa tabibu wa jeshi, na tabibu, akiisha kutiwa kitu kiganjani, akaandika kwamba huyu ni kijana mwenye nguvu. Wakazuka na watoro wa kazi hiyo, ambao walijiandika katika mji mmoja, wakapokea malipo, wakatoroka usiku, wakajiandika katika mji mwingine kwa jina jingine. Na upande wa pili wakawako waliong'oa meno yao ya mbele kwa makusudi. Kwa sababu risasi ya zama zile ilifungwa pamoja na baruti katika karatasi, na askari huipasua karatasi kwa meno kabla ya kushindilia bunduki, basi asiyekuwa na meno ya mbele hakufaa kwa kazi ya askari wa miguu. Tafakari, ewe msomaji, hali ya umma ambao ndani yake mmoja anang'oa meno ili asiende, na mwingine anapaka nywele rangi ili apelekwe, na kati yao ameketi mtu anayeandika hesabu na kuchukua ushuru.

Wako wasemao kwamba uovu huu ulikuwa wa watu, wala si wa sharia, na kwamba palipo na vita hapakosekani wezi. Mimi sikubali. Mwizi wa sare mbovu aliivunja sharia ya tarehe 2 Machi. Lakini dalali wa badali aliitimiza sharia ya tarehe 3. Alichofanya ni kuifuata mpaka mwisho wake. Ikiwa roho yaweza kununuliwa kwa dola 300 mbele ya karani, kwa nini isinunuliwe kwa 200 nyuma ya kilabu cha pombe? Wakubwa wenyewe walipoona hivyo waliiondoa fidia ya dola 300 mwezi wa Julai 1864, isipokuwa kwa wale ambao dini yao yawakataza kupigana. Walakini badali walimwacha, na bei yake ikapanda.

Nimejiuliza kama hoja yangu haipingwi na diya, kwa kuwa sharia ya Kiislamu yenyewe imeiwekea damu iliyomwagika mali ya kulipwa. Nimelitazama jambo hili nikaona kwamba mambo mawili haya hayafanani, ijapokuwa yote mawili yana fedha. Diya hulipwa baada ya msiba, nayo hupewa warithi wa aliyekufa, ili kuzima kisasi na kuwafuta machozi. Haimpi mtu ruhusa ya kuua kesho kwa kuwa amelipa leo. Mwenye kulipa diya anakiri kwamba ametwaa kisichorudishika. Mwenye kununua badali alidai kwamba amelipa kamili, hana deni, na anaweza kulala. Hapo ndipo tofauti ilipo kati ya thamani na bei: thamani ni uzito wa kitu mbele ya Mungu, na bei ni makubaliano ya watu wawili sokoni. Roho ina thamani ambayo bei haiifikii, na kila atiaye roho bei huwa ameishusha thamani yake, na ya kwake mwenyewe imo.

Wako waliolijua hilo, wakaishuhudia imani yao kwa miili yao. Mmoja ni Cyrus Pringle, kijana wa Vermont, wa jamaa ya Makweka, ambao dini yao ni kutomwua mtu kwa sababu yoyote. Kura ilimwangukia Julai 1863. Angeweza kulipa dola 300 akarudi nyumbani kwake. Na jamaa yake alitaka kumlipia. Alikataa yote mawili, kwa hoja iliyo nyofu kama mstari: ikiwa ni haramu mimi kuua, basi ni haramu kumlipia mwingine aue mahali pangu, maana mkono utakaoua utakuwa umetiwa nguvu na fedha yangu. Wakampeleka jeshini kwa nguvu. Akakataa kushika bunduki. Na huko Culpeper, Virginia, mwezi wa Oktoba, walimlaza chini, wakamfunga mikono na miguu kwa kamba akiwa ametanuliwa mfano wa msalaba ulioinama, akaachwa juani. Hakulipa. Mwezi wa Novemba akaachiliwa kwa neno la Lincoln. Mtu aweza kumkatalia Pringle itikadi yake ya vita, nami sisemi kwamba utumwa ungalivunjwa kwa watu wote kuwa kama yeye. Lakini hawezi mtu kumwambia kwamba alimtuma mwingine.

Wengine ni askari weusi wa Kaskazini, wa kikosi cha 54 cha Massachusetts, na hawa ndio hoja yangu iliyo kubwa. Tarehe 18 Julai 1863, siku mbili tu baada ya moto wa New York kuzimwa, walishambulia ngome ya Wagner, kando ya bahari ya Carolina Kusini. Na katika watu 600 hivi, karibu ya nusu waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Waliahidiwa mshahara sawa na wa wazungu, yaani dola 13. Walipofika wakaambiwa watapewa 10, na katika hizo 3 zitakatwa kwa ajili ya nguo. Wakakataa kupokea. Jimbo lao likajitolea kuijazia tofauti ile, nalo wakalikatalia, kwa kuwa walichokidai hakikuwa dola sita. Wakapigana miezi kumi na minane pasipo mshahara, na wake zao nyumbani wana njaa. Katika kikosi kingine cha jeshi la Kaskazini, kilichoundwa Carolina Kusini, sajini William Walker aliwaongoza wenziwe kuweka silaha chini kwa sababu ya dhulma hiyo; akapigwa risasi na jeshi lake mwenyewe kwa hukumu ya uasi, Februari 1864. Mwezi wa Juni mwaka ule ndipo sharia ilipowasawazisha.

Tazama basi ajabu hii. Wale waliozaliwa huru, ambao hakuna aliyewahi kuwanadi mnadani, ndio waliokwenda kwa karani wakauliza roho ya mtu ni kiasi gani. Na askari weusi wale, ambao baadhi yao walizaliwa na bei shingoni, wakahesabiwa pamoja na farasi na majembe katika wasia za mabwana zao, ndio waliosema kwamba damu yao haiuzwi kwa rakhisi, bali hutolewa kwa heshima au haitolewi.

Nasi wa pwani tusidhani kwamba hadithi hii ni ya ng'ambo tu. Ile nguo ambayo babu zetu waliiita merikani, ililetwa Unguja na merikebu za Salem, bandari ya jimbo lile lile la Massachusetts. Pamba yake ilivunwa na watumwa wa Kusini, na majora yake yakachukuliwa bara na misafara kununulia pembe na watu. Mtumwa mmoja aliivuna pamba, na mwingine alinunuliwa kwa nguo yake. Vita vilipoikata pamba, merikani iliadimika Unguja; na sidhani kama wengi waliuliza kwa nini. Na katika zama zetu, Kongo ya mashariki, Kiswahili chetu kimetoa neno la kuumiza, kadogo, jina la mtoto aliyetiwa bunduki mkononi. Mwezi wa Machi 2012 mahakama ya The Hague ilimtia hatiani Thomas Lubanga kwa kuwaandikisha watoto wasiotimiza miaka 15 katika vita vya Ituri. Mtoto yule ni badali aliyekosa hata dola 300: anatumwa na watu wazima ambao watoto wao wako shuleni.

Wasomao Sura ya Tauba wanakumbuka habari za safari ya Tabuk, mwaka wa 9 wa Hijra, wakati wa joto kali. Wenye wasaa wa mali walikuja wakaomba ruhusa ya kubaki. Na mafakiri walikuja wakataka wapatiwe wanyama wa kupanda, na walipoambiwa hakuna, walirudi macho yakitiririka machozi. Lawama iliwashukia wale wa kwanza, na hawa wa pili hawakuwa na lawama. Fedha haikutajwa kuwa udhuru, bali ilizidisha hoja juu ya mwenye nayo.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba mauti hayana badali. Aliyekufa kwa ajili ya mwenziwe kwa mapenzi yake ni shahidi wa mapenzi hayo. Aliyekufa kwa sababu mwenziwe alikuwa na fedha amedhulumiwa, ijapokuwa hati ilitiwa sahihi na malipo yakahesabiwa mbele ya mashahidi. Nawe, ndugu msomaji, siku utakapoambiwa kwamba vita fulani ni vya haki, usianze kwa kuuliza nani atashinda. Uliza nani anakwenda. Ukiona wanaovitaka vita wamo ndani yake pamoja na wana wao, sikiliza hoja zao. Na ukijibiwa kwamba atakwenda mtoto wa jirani, kwa kuwa kwao hakuna kitu, basi usiitoe bahasha yako.